Mwalimu Aliyenitanguliza

Mwalimu hakukalia kiti kabla ya kukitikisa. Hata kiti cha nyumbani kwake, alichokichonga kwa mikono yake mwenyewe, alikishika mgongoni, akakisukuma huku na huku, akakisikiliza, ndipo akakaa. Na akikaa, mgongo wake ulikuwa ukutani. Kanisani alichagua benchi ya mwisho. Padri Mkubwa wa misioni alidhani huo ni unyenyekevu, na aliwahi kumsifu katika mahubiri. Sisi wanafunzi tulijua kwamba kutoka benchi ya mwisho mtu huwaona wote na hakuna anayemwona.

Ninaandika juu yake kwa sababu ya jambo moja. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mvulana, tuliyesoma naye darasa moja katika shule ya misioni kwenye vilima vya Masisi. Mvulana huyo alinishinda hesabu, alinishinda Kifaransa, na Kilatini alikisoma kama mtu anayesoma jina lake. Lakini siku mapadri walipotaka jina moja la kijana wa kupelekwa katika chuo kikuu kipya, kule mbali karibu na Léopoldville, Mwalimu alitoa jina langu. Wengi huliita jambo hilo wema. Mimi nimeligeuza kwa miaka mingi, asubuhi nikiliona wema, jioni nikiliona kitu kingine, na sikuweza kulala vizuri na mojawapo.

Alikuwa na desturi ya kuuliza swali lile lile mara mbili. Ukiwa umerudi jana kutoka nyumbani, asubuhi angekuuliza, huku akifuta ubao: “Kwenu Ntoto mvua ilinyesha?” Ungejibu. Jioni, mkiwa mnapalilia shamba la maharage la shule, angekuuliza tena kama vile hajawahi kulifikiria, “Ati kwenu Ntoto mvua haikunyesha?” Ole wako kama umejibu tofauti. Hakukupiga. Alikutazama tu, akatikisa kichwa polepole, na kuanzia siku hiyo hakukutuma kitu chochote.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: “Nani alikuambia?” Mwanafunzi akisema dunia inazunguka jua, Mwalimu aliweka chaki chini.

“Nani alikuambia?”

“Ni weye, Mwalimu.”

“Na miye, nani aliniambia?”

“Kitabu.”

“Na kitabu, nani alikiambia?”

Mwalimu akaiokota chaki. Akasema: “Basi andika hivi. Wanasema dunia inazunguka jua.” Tukaandika “wanasema”. Tuliandika wanasema mto mkubwa unaanzia kusini, wanasema mbu ndiye analeta homa, wanasema mfalme wa Ubelgiji anatupenda. Mkaguzi wa shule alipokuja na kufungua daftari zetu, aliuliza kwa nini neno hilo limejaa kila mahali. Mwalimu alisimama wima, akamjibu kwa Kifaransa safi kwamba hiyo ni adabu ya lugha ya huku, huwezi kutaja jambo kubwa bila kuwatanguliza waliolisema. Mkaguzi akaridhika, hata akaliandika. Sisi tulikandamiza vicheko mpaka mbavu zikauma, kwa maana hakuna lugha ya huku yenye adabu hiyo.

Wakati ule kulikuwa na maneno ya batumbula. Kila aliyekua nyakati zile anayajua: ati kuna wazungu wanaotembea na taa kali, wakikumulika unakuwa bubu, wanakupeleka mahali, wanakulisha chumvi na wali mpaka unanenepa, halafu unatiwa ndani ya makopo. Mwalimu aliyachukia maneno hayo. Alileta taa ya presha ya misioni darasani, akaifungua kipande kwa kipande, akatuonyesha mafuta yanapita wapi na upepo unaingia wapi. “Mnaona? Hakuna kitu. Ni mafuta ya taa na pampu.” Tulitoka darasani tukiwa watu wapya.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya kilima, gari la mtafuta madini mmoja lilionekana kwenye barabara. Mwalimu alikuwa anaturudisha kutoka mtoni. Aliliona kabla yetu. Alituingiza wote katikati ya migomba, akatukalisha chini, akatuwekea kidole mdomoni, mpaka mlio wa gari ukaisha. Kisha akasimama, akajipangusa magoti. “Tulikuwa tunapumuzika,” alisema. “Mutu akiuliza, tulikuwa tunapumuzika.”

Makopo pia. Krismasi moja mapadri waliwapa walimu nyama ya kopo, kila mmoja na lake. Mwalimu alilishika la kwake kama mtu aliyekabidhiwa yai la nyoka. Alisoma maandishi yote yaliyo juu yake, kwa sauti, mpaka jina la mji lilikotoka. Akalifungua. Akampa mbwa wa mpishi. Mbwa alikula, akalamba kopo, akatikisa mkia, na siku zote za sikukuu alikimbia nyuma ya Mwalimu akiomba zaidi. Mpishi alimcheka: “Ee Mwalimu! Mbwa wangu iko na afya kupita weye!” Mwalimu akajibu, “Tungoje Pasaka.” Hata Pasaka ilipopita hakula nyama ya kopo.

Sisemi alikuwa mwoga. Niliwahi kumwona akisimama mbele ya askari wa teritware, yaani wa serikali ya wilaya, aliyekuja kumkamata baba wa mwanafunzi kwa sababu ya shamba la lazima lisilolimwa, akazungumza naye kwa upole na kwa muda mrefu sana, akamwuliza jambo moja mara mbili, kisha mara tatu, mpaka askari mwenyewe akachanganyikiwa na maelezo yake na kuondoka. Kwa hiyo si woga. Au ni woga wa aina nisiyoijua jina. Lakini niliona kitu, na kadiri nilivyokikumbuka ndivyo kilivyonitia mashaka: kila palipokuwa na mlango usiojulikana, Mwalimu alipitisha mtu mwingine kwanza, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mimi nilikuwa mgeni pale. Nilitoka chini, kijiji cha Ntoto, katika msitu wa Walikale, na wenzangu wa vilimani walinikumbusha kila siku. “Mula nyani!” waliniita. “Kwenu jua linaingiaka?” Mwanawe Mwalimu peke yake hakunitania. Tulilala vitanda vilivyokaribiana katika bweni, ingawa nyumba ya baba yake ilikuwa karibu, maana mapadri walitaka wanafunzi wa darasa la mwisho wote walale misioni. Alinisaidia Kilatini, nami nilimfundisha kutega ndege. Daktari alipokuja na sindano, sote tukajipanga, Mwalimu alinishika bega akanivuta kutoka katikati ya mstari. “Weye wa pori uko na damu nguvu. Anza.” Nikaanza. Nilipotoka nimeshika mkono, nilimwona ananikagua macho, ulimi, vidole. Alipoona sijaanguka, akamsogeza mwanawe mbele. Sikuwaza lolote siku hiyo. Nilifurahi kuitwa mwenye damu nguvu.

Halafu akaja padri mgeni, mwenye gari lililojaa vumbi na bahasha ya picha. Alitukusanya, sisi wa darasa la mwisho, akatuonyesha kilima kilichokatwakatwa, matofali, wafanyakazi, jengo refu lisilo na paa. Hicho ndicho chuo kikuu. Alitueleza kwamba kazi haikuanza jana. Mapadri walianza na shule za wauguzi na wasaidizi wa kilimo, na wazungu wengi wakasema hapo panatosha, Mwafrika asipande zaidi. Wenzake, walimu wa chuo kimoja kikongwe cha Ulaya, walikataa. Walibishana na wakubwa, waliomba ardhi, waliomba pesa kwa waamini. Na chuo kikuu, alisema, si shule iliyoongezwa ukubwa. Ni mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuufuata ukweli mpaka mahali unapompeleka. Imani haiogopi maswali. Mweusi na mweupe watakaa benchi moja, watafanya mtihani mmoja, watapewa diploma moja.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma, mgongo ukutani. Mimi nilikuwa mbele yake. Nikasikia pumzi yake sikioni.

“Uliza: mutoto wa muzungu atakuja kukaa na batu beusi, kwani kwao shule iko hakuna?”

Nikauliza, kwa maneno yaliyosafishwa. Padri alicheka. “Zipo nyingi. Akija kwetu, ni kwa sababu amechagua.”

Pumzi tena. “Uliza: na mutu akipata ukweli yenye serikali haitaki?”

Kwa nini asiulize mwenyewe? Lakini mtu hamkatalii mwalimu wake. Nikasimama, nikauliza. Padri alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akaivaa tena. “Basi atakuwa nao,” alisema, “na sisi itatubidi tusimame pamoja naye. Haitakuwa rahisi.”

Tulipotoka Mwalimu alinifuata. “Umeona? Alifikiri kwanza. Angejibu mbio, ningejua jibu ilikuwa tayari ndani ya mufuko.” Alionekana kupendezwa. Nami nilifikiri, kwa ujinga wa umri ule, kwamba sasa atamtuma mwanawe.

Baada ya wiki chache Padri Mkubwa aliingia darasani. Alisema misioni yetu imepewa nafasi ya kijana mmoja, kwamba amemwomba Mwalimu ushauri, na kwamba Mwalimu amempa jina. Kabla hajalitamka, mwanawe Mwalimu alikuwa ameshaanza kuinuka. Si kwa kiburi. Sote tulijua, naye alijua. Alikuwa amefika nusu, mikono juu ya meza, Padri alipotaja jina langu. Akabaki hapo kidogo, si kusimama si kukaa. Halafu akajifanya anaokota kalamu iliyoanguka. Hapakuwa na kalamu chini.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama dirishani.

Nilishuka Ntoto kumuaga mama yangu. Safari ile ya miguu kutoka vilimani hadi msituni naijua vizuri: baridi inakuacha nyuma, udongo unabadilika rangi, halafu miti inafunga juu yako na unaanza kutembea ndani ya hewa iliyojaa maji. Mama alikuwa anatwanga mihogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kutwanga.

“Huyo Mwalimu wako, mutoto wake iko mugonjwa?”

“Hapana, mama.”

“Iko mujinga?”

“Hapana. Ananipita.”

Mchi ukasimama. “Sasa niambie. Mutu akikukaribisha pombe kwake, nani anakunywa wa kwanza?”

Hapa lazima nieleze kwa wasiotoka kwetu. Chini msituni na juu vilimani, katika hili hatutofautiani: mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mgeni akiwa anamwona. Anavuta kidogo, anameza, anapangusa ukingo kwa kiganja, ndipo anakupa. Kama kuna kitu ndani, kimshike yeye. Nyumba isiyofanya hivyo watu huipita mbali, na anayempa mgeni kibuyu kabla ya kuonja ametangaza mwenyewe kwamba ana neno na wewe.

“Mwenye pombe,” nilijibu.

“Yeye njo mwenye pombe. Yeye njo alikuwa anaisifu, anaipika miaka yote kwa masomo. Mbona haonji? Mbona kibuyu inapita mutoto wake, inakuja kwa wangu?” Akaanza kutwanga tena, kwa nguvu. “Anakuonjesha, mwanangu. Ukirudi muzima, utaona nani atafuata.”

Nilikwenda hata hivyo. Sijui hasa kwa nini. Labda nilitaka kumwonyesha mama kwamba amekosea. Labda niliona kwamba nikikataa, mwenzangu naye hatakwenda, na nafasi itaozea mikononi mwa Mwalimu. Labda niliogopa zaidi kubaki. Nimejaribu kuzipanga sababu hizi na haziketi vizuri.

Chuo kikuu kilikuwa juu ya kilima, kama katika picha, lakini picha haikuonyesha joto. Shati lililolowa asubuhi lilikuwa bado limelowa jioni. Siku ya kwanza katika chumba cha chakula nilishika kiti mgongoni, nikakitikisa, nikasikiliza. Meza nzima ilinitazama. Kijana mmoja Mbelgiji akauliza kwa heshima kama kiti kimevunjika. Nikasema hapana. Nikakaa. Wali ulipoletwa, mwingi na wenye chumvi, nilisimama na kwenda nje kuvuta hewa.

Nikitaka kuwa mwadilifu, lazima niseme nilichokiona, si nilichokiogopa. Niliona maktaba ambayo mlango wake haukuuliza rangi ya mtu. Niliona mtihani mmoja. Niliona padri mwalimu wa historia akifundisha kwamba nchi yetu ilifunguliwa siku wasafiri wa Ulaya walipoiona, nami mkono wangu ukainuka peke yake, na mdomo wangu ukasema: “Nani alikuambia, Padri?” Nilidhani nimejifukuza. Yule padri akaandika swali langu ubaoni, akalipigia mstari, akasema yeye hana jibu, wiki ijayo tutalijibu wote pamoja, na kila mmoja alete mzee wake kama shahidi, hata kama ni kwa kumbukumbu tu. Niliona hayo. Pia nilimwona mwenzangu mweupe, tuliyekaa naye benchi moja wiki nzima, Jumapili akinikuta mjini pamoja na wazazi wake, akavuka upande wa pili wa barabara. Jumatatu alinisalimu kama kawaida. Nilimrudishia salamu kama kawaida. Sijui nani kati yetu alikuwa anadanganya zaidi.

Na kila sifa niliyopewa niliigeuza nione chini yake. Je, wananipenda au wananihitaji, ili waonyeshe picha nyingine kwa waamini wao wa Ulaya? Mapadri wale waliposema ukweli ni wa Mungu, niliwaamini, halafu nikauliza mara ya pili jioni.

Niliporudi na diploma yangu, niliteremka kwenye lori pale Mubi, karibu na machimbo. Mama mmoja muuza ndizi aliyenifahamu alikuja moja kwa moja akanifinya mkono kwa nguvu. “Iko nyama ya kweli!” aliwaambia wenzake, na wote wakacheka, lakini wawili walikuja kunifinya pia. Mama yangu, kule Ntoto, hakunifinya. Alinitazama, akasema, “Sasa nenda kamuone.”

Nilipanda Masisi. Padri Mkubwa alinipokea kwa furaha, akaniambia misioni imepewa nafasi nyingine, na kwamba safari hii angependa kusikia maoni ya mimi niliyetoka huko. Kwenye njia ya kwenda kwa Mwalimu ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya maharage. Alikuwa mlangoni, amekonda, amevaa koti jeusi zito lililokuwa kubwa kwake. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Alivuta viti, akavitikisa vyote viwili, chake na changu, akanikaribisha.

Alinipa habari za mwanawe bila kuulizwa. Alikuwa amebaki misioni, akifundisha watoto wa darasa la kwanza. Alilala nyumba hii, alikula chungu hiki. Lakini tangu siku ile ya jina, alimsemesha baba yake kwa Kifaransa tu, kwa heshima zote, na alimwita Monsieur, kama mtu amwitavyo bwana asiyemjua. “Hajanitukana hata siku moja,” Mwalimu alisema. “Ni Monsieur, tu. Asubuhi Monsieur, jioni Monsieur. Kama mimi ni mukaguzi.”

Akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya huko. Akavuta kidogo, akameza, akapangusa ukingo kwa kiganja, akanipa. Nilikipokea na sikukipeleka mdomoni.

“Mwalimu, kwa nini ulinituma miye?”

Alitazama dirishani, kama siku ile. Nikamngoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mzuri, kwamba aliona ndani yangu kipaji ambacho wengine hawakukiona. Naamini ningeupokea. Ningeuweka mahali na kuutazama maisha yangu yote.

“Kwa darasa nilikuwa nasema batumbula iko uongo,” alisema. “Kwa kitanda nilikuwa nasema iko kweli. Ningefanya nini? Nilikuwa na mutoto moja. Mama yako alikuwa na bengine.”

Hakuinamisha kichwa. Alisema kama mtu anayesoma hesabu iliyokwisha kufanywa na haiwezi kufanywa upya. Nilimkumbuka mama yangu, mchi umesimama hewani. Nilitaka kumwaga ile pombe juu ya viatu vyake, na wakati huo huo, naona aibu kulisema, nilipumua. Mtu aliyebeba shaka miaka mingi akiambiwa kwamba alikuwa sahihi, kuna kitu ndani yake kinapumzika, hata kama ni usahihi wa namna hiyo.

“Ilikuwa vibaya,” alisema. “Mwenye pombe njo anaonjaka. Sasa weye njo ulionja. Padri Mkubwa anakungoja useme jina. Kabla hujasema, niambie miye. Ile kitu iko na sumu?”

Hapo nikaona mahali nilipokuwa nimekaa. Neno langu moja lingemfunga mwanawe katika darasa la kwanza mpaka uzee, na hakuna ambaye angejua. Ningesema tu: iko, Mwalimu. Angeniamini, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akisubiri mtu amwambie hivyo. Na je, ingekuwa uongo mtupu? Nilifikiri juu ya barabara iliyovukwa Jumapili. Nilifikiri juu ya mama yangu, ambaye sasa alizungumza nami polepole kama na mgeni. Nilifikiri pia juu ya swali langu lililopigiwa mstari ubaoni, na mtu mzima, msomi, padri, aliyekubali mbele ya darasa kwamba hakuwa na jibu.

Nikanywa. Nikamrudishia kibuyu.

“Iko na kitu ndani, Mwalimu. Haiui. Lakini mutu akirudi, hakuna kitu anakubali mbio. Hata baba yake atamuuliza, nani alikuambia.”

Midomo ya Mwalimu ikaanza kucheza, na nikaona kwamba anacheka, cheko kavu la mtu asiyelizoea.

“Ile si sumu yao,” alisema. “Ile ni yangu.”

Mlango ulisukumwa. Mwanawe aliingia, chaki bado mikononi, akaniona, akasita. Tulisalimiana. Alikuwa mtu mzima sasa, mabega mapana, na macho yale yale yaliyokuwa yakisoma Kilatini juu ya bega langu. Halafu akamgeukia baba yake: “Bonsoir, Monsieur.”

“Kesho asubuhi tunaenda kwa Padri Mukubwa,” Mwalimu alisema kwa Kiswahili. “Miye na weye na huyu. Nitasema jina lako. Miye mwenyewe.”

Mwanawe alinigeukia mimi. “Amekuuliza kwanza?”

“Ameniuliza.”

“Ungesema hapana, angefanya nini?”

“Ningemuuliza tena jioni,” baba yake alisema kutoka kwenye kiti chake.

Nilidhani atatoka. Alikuwa ameshika mlango. Miaka ile yote ilikuwa usoni mwake, na nilitambua kwamba angeweza kukataa, na kwamba kukataa kungekuwa tamu kuliko chuo kikuu chochote. Alifuta chaki kwenye suruali, mkono mmoja, halafu wa pili. Akaja akasimama mbele ya Mwalimu, akamtazama kutoka juu.

“Papa,” alisema, “hii koti yako utanipatia? Kule sitakuwa na mutu wa kuniwashia moto.”

Mwalimu alianza kufungua vifungo pale pale, vidole vikimshinda, na mwanawe akainama kumsaidia. Nilitaka kuwaambia kwamba kule kuna joto, kwamba shati moja linatosha, kwamba koti hilo litaozea chini ya kitanda. Nilifungua kinywa. Nikafikiri kidogo, nikakifunga.